Soko Jipya la Nani?

Kila baada ya muda mgeni mwenye suti huvuka bahari, akaingia katika ukumbi wa hoteli Shangani, akawasha projekta, na ukutani ikatokea ramani ya Unguja. Kijani pale penye hoteli: Nungwi, Kiwengwa, Paje. Nyeupe kwingine kote. Nyeupe ile, anatwambia, ndiyo fursa. Ni watu wasio na akaunti, ni soko jipya lisiloguswa. Nimekaa katika kumbi za namna hiyo zaidi ya mara moja, nikanywa chai na kula sambusa za watu, na kila mara nimetoka na swali lililonikaa kooni: weupe huu umeuona kisiwani, au umeuona kwenye karatasi yako?

Simlaumu peke yake. Kauli hiyo tumeikariri sisi wenyewe mpaka imekuwa kama wimbo wa skuli. Kaa Jaws Corner saa ya kahawa, au fungua redio asubuhi, utaisikia: Wazanzibari hatuna utamaduni wa benki, PBZ, benki ya Serikali yetu, peke yake haitoshi, ije benki kubwa ya nje na mtaji wake, mikopo itamiminika, gharama ya kukopa itashuka, na muuza vitenge wa Darajani atavuta pumzi. Wanaosema hivi si wajinga wala si maadui wa nchi. Baadhi yao ni marafiki zangu. Lakini wamekosea, na nataka kuipinga kauli yao kuanzia mzizi hadi tawi, na hilo neno tawi nalitumia kwa maana zote mbili.

Mzizi uko Forodhani. Leo ni pahala pa mishikaki na maji ya miwa, ila jina bado linasema kilichokuwapo: forodha. Katika karne ya 19 ushuru wa himaya ya Seyyid Said ulikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mabaniani waliotoka Kutch. Mwenye kukodi alimlipa Sultani kiasi walichoafikiana kwa mwaka, yeye akakusanya ushuru wa kila jora na kila pembe iliyopita, na Sultani akipungukiwa alikopa kwake. Wenye mashamba ya karafuu walikopa kwake. Seyyid Majid alipofariki mwaka 1870, nduguye Barghash alirithi kiti na deni kwa pamoja, na mvutano juu ya deni lile ukawa miongoni mwa mambo ya mwanzo ya utawala wake. Huo ndio mji ambao leo tunaambiwa haujui kukopa.

Nenda hatua chache kuelekea bandarini, utalikuta lile jengo la nakshi na baraza za mbao tunaloliita zahanati ya zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa 1887 kwa fedha za Taria Topan, Khoja aliyeanza chini akafika kuwa mkubwa wa fedha katika pwani hii. Hamed bin Muhammed, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na humo anamtaja Taria kuwa ndiye aliyempa mali ya kwendea bara. Hebu ipimeni biashara hiyo. Nguo, shanga na baruti zinatoka ghala la Unguja, zinavuka hadi Bagamoyo, zinapita Tabora na Ujiji, zinaingia Manyema, na aliyezitoa hatamwona mdaiwa wake kwa miaka. Hana tawi Ujiji. Hana mwanasheria Nyangwe. Ana jina la mtu, ukoo wa mtu, na habari za mtu zinazoletwa na kila msafara unaorudi.

Siyasemi haya kwa kujivuna. Mikopo ile ilinunua pembe, na ilinunua watu. Asiyetaka kulitaja hilo asizungumze habari za fedha za Unguja. Ninachosema ni kwamba ufundi wa kumpa mtu mali leo ukamdai kesho ulikuwa umekomaa hapa kabla benki yoyote haijaleta kaunta. Na ufundi huo una jina ambalo kila mwenye duka analijua: mali kauli. Unachukua mzigo, hulipi, unatoa kauli. Ukishauza unalipa, na usipolipa kauli yako imekufa, na aliyekufa kauli hapa mjini hana pa kwenda. Angalieni na maneno mengine tuliyo nayo vinywani: rehani, dhamana, amana, hundi, hawala. Hayakushuka na projekta. Lugha haitengenezi maneno ya kitu ambacho watu wake hawakifanyi.

Ndipo ikaja benki. National Bank of India, yenye makao yake London, ilifungua tawi Unguja mwaka 1892, miaka miwili baada ya Uingereza kutuweka chini ya ulinzi wake. Mombasa ilifuata 1896, Nairobi 1904, Entebbe 1906. Tazameni mpangilio wa miaka hiyo. Tawi la kwanza Afrika Mashariki liliwekwa Unguja, pahala ambapo fedha zilikuwa zinazunguka tayari, mikononi mwa wafanyabiashara ambao benki ile iliwajua kwa sababu ilishafanya biashara na ndugu zao Bombay. Ilimfuata mteja wake akivuka bahari, ikafungua mlango karibu na duka lake. Na mkulima wa Dole au mchukuzi wa bandarini hakuingia katika hesabu. Waliomkopesha huyo waliendelea kuwa wale wale wa siku zote: mwenye duka la shamba, sonara aliyepokea bangili rehani, na nyumba za fedha za Wahindi kama Jetha Lila, iliyodumu hadi baada ya Mapinduzi.

Kwa hiyo fedha ilikuwa na ngazi. Juu kabisa benki, ikimkopesha mfanyabiashara mkubwa. Mfanyabiashara mkubwa akimpa mali mwenye duka dogo. Mwenye duka dogo akimpa mchele, nguo na fedha taslimu mwenye shamba, kwa rehani ya mikarafuu. Kila mmoja akiongeza chake. Bei ya karafuu ilipoanguka, ngazi ikatikisika kutoka chini kwenda juu, na mashamba yakawa yanaelekea kwa wadai. Mwaka 1934 Serikali ya kikoloni ikatunga sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihame kwa deni, ikakipa nguvu chama cha wakulima wa karafuu kilichoanzishwa 1927, na ugomvi ukafika hadi India, ambako mwaka 1937 wafanyabiashara na chama cha Congress waligomea karafuu za Zanzibar mpaka mapatano yakapatikana mwaka uliofuata. Ukisoma habari za miaka ile utamkuta mdai na mdaiwa, Mhindi na mwenye shamba, wakirushiana maneno. Aliyekaa ngazi ya juu, mkopeshaji wa wakopeshaji, hatajwi sana. Sumu ya ugomvi ule tuliinywa sisi, na tuliinywa kwa miaka 30 iliyofuata.

Nimekaa sana katika historia kwa makusudi, kwa sababu kosa la kauli ninayoipinga ni la historia kwanza, la uchumi baadaye. Anayedhani benki ya kigeni hufungua soko hajaiona benki ya kigeni. Benki hufuata mteja inayemjua. Ndivyo ilivyokuwa 1892, na ndivyo ilivyo leo, awe mgeni ametoka London, Lagos au Nairobi.

Mfano uko jirani. KCB ya Kenya iliingia Tanzania 1997, ikaenda Sudan Kusini 2006. Equity ikaifuata Juba mwaka 2009, ikafika Tanzania 2012, ikanunua benki Kinshasa mwaka 2015 na nyingine kubwa zaidi mwaka 2020. Walikwenda Juba kufanya nini? Walifuata madereva wa malori, wauza saruji, mashirika ya misaada na makontrakta, watu ambao tayari walikuwa na akaunti Nairobi. Vita vilipoanza Desemba 2013, kisha pauni ya Sudan Kusini ikaporomoka, biashara ile ikawa jeraha katika mahesabu yao. CRDB yetu ilikwenda Burundi 2012, na Lubumbashi miaka 11 baadaye, ikifuata mzigo unaotoka bandari ya Dar es Salaam. Exim ya Dar ilikwenda Comoro 2007. Hapo naomba nitoke nje ya mada kidogo: Wangazija wamejaa Mji Mkongwe, tumeoana nao, tumezikana nao, walimu na masheikh wetu wangapi asili yao ni Ngazija, na aliyekwenda Moroni kufungua benki ni mtu wa Dar. Benki yetu sisi, tulio ndugu, ilibaki huku. Sijui tumcheke nani.

Na mgeni anayefuata mteja humwacha vilevile. Standard Chartered, ambayo kwa jina lake la zamani ilikuwa Tanganyika tangu enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, ilitangaza mwaka 2022 kwamba nchini Tanzania itaachana na wateja wa kawaida na kubaki na makampuni. Mwaka uliofuata ikakubaliana kuiuzia Access ya Nigeria biashara hiyo. Barclays ya London ilitangaza 2016 kwamba inapunguza hisa zake katika Afrika yote. Hawakufukuzwa na mtu. Walipiga hesabu, wakaona mwalimu wa Tanga na muuza duka wa Mwanza hawalingani na wanachotaka wenye hisa. Wana haki yao. Lakini anayetwambia tumjengee mgeni huyo matumaini ya muuza vitenge, atwambie kwanza kwa nini mgeni afanye Darajani alichokataa kukifanya Kariakoo.

Basi nani anafuatwa Unguja leo? Jibu liko kwenye ile rangi ya kijani. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Hoteli ndiyo mteja. Hoteli ina dola na yuro, ina mwenye mtaji nje, ina mkataba wa kukodi ardhi wa miaka mingi wenye muhuri wa Serikali, na ina vitabu vilivyokaguliwa. Benki inayovuka bahari inaijua hoteli hata kabla ya kushuka boti. Wala siilaumu kwa kuikopesha. Ila sehemu ya malipo ya mtalii huishia Ulaya kabla ndege haijaruka, na kinachofika hapa ndicho kinachopigania nafasi kwenye mishahara, umeme, samaki na mboga. Benki ya mgeni inakuja kukaa katika njia ya fedha hizo. Ni biashara halali. Kuiita ukombozi wa mnyonge ni kulidhulumu neno.

Wanaonipinga hapa hushika silaha yao kubwa: tatizo si benki, tatizo ni Wazanzibari na hofu ya riba. Watu wa dini, wanasema, hawatakopa hata ukiwaletea benki mlangoni. Kwa hiyo mgeni akifungua dirisha la Kiislamu, kazi imekwisha. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo hatari zaidi. Kweli watu wanaiogopa riba, na wana haki ya kuiogopa. Lakini madirisha yameshafunguliwa. PBZ inalo lake. Amana ilianza 2011 ikiwa benki kamili isiyo na riba, na CRDB ilikuja na Al Barakah 2021. Kama kizuizi kilikuwa riba peke yake, mvuvi wa Mkokotoni angekuwa na mashine mpya sasa. Hana. Kwa sababu fiqhi ya biashara ina milango mingi, na mabenki, hapa na Malaysia na kwingineko, hupenda kuingia kwa mmoja: murabaha. Benki inanunua bidhaa, inakuuzia kwa bei ya juu iliyotajwa, unalipa kidogo kidogo. Ni halali, sibishi. Lakini ili upate murabaha, benki bado inataka mshahara unaokatwa au mali inayoshikika. Mudharaba na musharaka, ambamo mwenye fedha anaingia hasarani pamoja nawe, husifiwa sana kwenye semina na huonekana kwa nadra kwenye kaunta. Ukibandika kitambaa cha kijani juu ya fomu ile ile, fomu haijabadilika.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye kiini ambacho hakimo katika ramani ya mgeni. Fomu inataka dhamana, na dhamana anayoijua mgeni ni hati. Sasa njooni tuitafute hati Unguja. Mwaka 1965 ardhi ilifanywa mali ya umma, na mashamba yakagawiwa eka tatu tatu. Aliyepewa alipewa alime, hakupewa auze. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 imeweka ardhi ya Zanzibar kuwa ya umma chini ya Rais, na raia anapata haki ya kuitumia. Kuna mtu mwenye minazi isiyo na ardhi, na mtu mwenye ardhi yenye mikarafuu ya mwenziwe. Wanakijiji wanaelewana vizuri, mwanasheria wa benki anaumwa kichwa. Mji Mkongwe nao una nyumba nyingi zilizochukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi, nyumba nyingi za wakfu, na nyumba za mirathi ambazo warithi wako Muscat, Toronto, London na Chuini, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema tuuze. Wakfu hauwekwi rehani. Nyumba ya Serikali haiwekwi rehani. Nyumba ya warithi 17 haiwekwi rehani mpaka shangazi wa Muscat atie saini, na shangazi hatii.

Ukijumlisha hayo utaona kwamba mtu mwenye karatasi nzuri kuliko wote kisiwani ni mwekezaji wa hoteli, kwa sababu ardhi yake ilipimwa na kukodishwa kwa ajili yake. Mzaliwa ana kila kitu isipokuwa karatasi. Benki inayokopesha karatasi itamkopesha mwenye karatasi, iwe ya Nairobi, ya Doha au ya mjomba wako. Kuongeza idadi ya benki hakubadilishi hesabu hiyo hata chembe.

Mashabiki wa ushindani hawakubali. Benki zikiwa nyingi, wanasema, zitanyang'anyana wateja na bei itashuka. Zinanyang'anyana, ndiyo. Zinanyang'anyana mtu yule yule: mwalimu wa skuli ya Serikali, muuguzi wa Mnazi Mmoja, askari, karani. Katika Tanzania nzima mikopo binafsi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa kuliko sekta yoyote ya uzalishaji, na nyingi katika hiyo huzunguka mshahara. Ni mkopo usio na kazi: makato yanafanyika kabla mwenyewe hajauona mshahara. Afisa mikopo hahitaji kujua bei ya dagaa wala msimu wa mwani. Kwa hiyo benki ya sita inapofungua, mwalimu anapata simu ya sita ya kuhamishiwa deni lake, na mwanamke wa Jambiani anabaki palepale.

Huyo wa Jambiani ninamtaja kwa sababu. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, Paje na Jambiani, na waliokibeba ni wanawake. Nani aliwakopesha? Kampuni za kununua mwani. Zilitoa kamba na taitai za kufungia mwani bila malipo ya papo, na mkulima akafungwa kumwuzia aliyempa. Mali kauli tena, safari hii ya upande mmoja, maana aliyetoa kamba ndiye aliyepanga bei. Ukitaka kuona pahala ambapo mkopo wa haki ungebadilisha kitu Unguja, ni hapo: mkulima mwenye kamba zake mwenyewe angeweza kukaa na mwani wake mkavu wiki mbili akisubiri mnunuzi wa pili. Wanawake hao hao wana mchezo, kila mmoja anatoa chake na kila mwezi anapokea mmoja. Wana vikundi vya hisa vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Wanaweka, wanakopa, wanadaiana, wanalipana. Katika ramani ya mgeni, hao wamepakwa nyeupe.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu ninayoipa heshima. Wanasema: basi wewe unataka tubaki na sanduku la kufuli tatu? Nani atafadhili kiwanda cha samaki, meli, chumba cha baridi? Sanduku halifiki huko, na mali kauli haijengi bandari. Kweli. Nakubali pia kwamba mabenki ya nje na ya bara yametuletea mashine za fedha, kadi, barua za dhamana za kuagizia mizigo, na akaunti ambazo mtu anaweza kuzitazama usiku akiwa Muscat. Na wala kuwa wa kwetu si kinga: PBZ iliyoanzishwa 1966 siitetei kwa sababu ni ya Serikali, nayo ipimwe kwa kipimo hicho hicho, amekopeshwa nani na kwa dhamana gani.

Ugomvi wangu ni juu ya mpangilio. Tunamsubiri mgeni alete kile ambacho mgeni hawezi kukileta. Benki inapofungua tawi hapa, kinachofunguliwa mara nyingi ni mdomo na sikio. Kichwa kinabaki kwao. Meneja wa tawi anaweza kupokea amana yako ya milioni 50 kwa saini yake, lakini mkopo wa duka hawezi kuuidhinisha. Faili linavuka bahari kwenda kwa kamati ambayo haijui Mlandege iko kushoto au kulia kwa Darajani. Amana haina shida ya safari. Inaingia katika kapu moja la makao makuu, na kutoka hapo inaweza kununua hati fungani za Serikali, au kumkopesha mwagizaji mafuta wa bara. Hakuna wizi ndani yake. Ndivyo benki yenye matawi inavyofanya kazi popote. Lakini kisiwa kinachokusanyiwa amana na kupelekewa fomu kimekuwa kisima cha wengine. Na leseni ya yote haya haitolewi Vuga wala Mnazi Mmoja. Mambo ya fedha na mabenki ni ya Muungano, yako chini ya Benki Kuu. Tuliwahi kujaribu mlango mwingine: Desemba 1992, zama za urais wa Dk. Salmin Amour, Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na matumaini ya mitaji yalikuwa sehemu ya sababu. Agosti 1993 tukajitoa, baada ya mzozo wa katiba uliotikisa Muungano. Kwa hiyo hata anayemwita mgeni hana ufunguo wa mlango mkononi.

Tungekuwa na akili, tungemwuliza mgeni maswali mengine kabla ya kumpigia makofi. Meneja wako wa Unguja ataweza kuidhinisha kiasi gani bila kupiga simu? Katika kila shilingi 100 utakazokusanya hapa, ngapi zitakopeshwa hapa, na utazitangaza? Utakubali daftari la duka la miaka kumi kuwa ushahidi, likisomwa na mtu anayejua kulisoma? Na Serikali yetu tungeiuliza kwa nini mwekezaji anapimiwa ardhi kwa miezi na mwenye eka tatu anangoja tangu babu yake. Maswali haya hayaulizwi ukumbini. Ukumbini tunauliza kama semina itakuwa na posho.

Jirani yangu ana duka la mapazia na vitambaa Mlandege, mwaka wa 25 sasa. Mwaka juzi, miezi mitatu kabla ya Ramadhani, alikwenda benki moja ambayo makao yake si hapa. Kijana wa kaunta alimpokea kwa adabu, akamwita mzee wangu, akampa kalamu ya zawadi. Hesabu zilizokaguliwa? Hana. Hati ya nyumba? Anakaa Kiponda, nyumba ya wakfu. Shamba? Eka tatu za marehemu baba yake, Donge, wako ndugu wanane. Akatoa daftari lake, lile la jalada jekundu, lililofungwa kwa mpira, lenye majina ya nusu ya maharusi wa mjini na alama ya tiki mbele ya kila aliyelipa. Kijana akalipekua kurasa mbili, akatabasamu, akamrudishia kwa mikono miwili. Faili likavuka bahari.

Usiku ule jirani yangu alimtumia mtu wake wa Dubai ujumbe wa sauti, nusu dakika, nusu yake salamu: sheikh wangu, nitie marobota arubaini, rangi kama za mwaka jana, tutahesabiana baada ya Idi. Mzigo ulishuka bandari ya Malindi wiki ya mwisho ya Shaaban. Baada ya Idi akalipa. Simu ya benki ilikuja baadaye kidogo, sauti ya adabu ile ile, ikimwomba alete picha mbili ndogo za pasipoti ili faili liendelee.